Vidoti vya Barabara ya Mashariki

Ijumaa, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, fundi wa mawe alisukuma kando jiwe la mlango wa kaburi la ukoo wa Yonaha, akamulika ndani kwa tochi, akageuka.

"Mlisema uko rafu gani?" akauliza.

"Ya mbele, kulia," Takuma akajibu. "Mtungi mweupe wa mifupa, mpya. Mama aliwekwa humo Oktoba."

"Basi njoo uangalie mwenyewe, bwana."

Takuma akapiga magoti akaingiza kichwa. Mitungi ya kahawia ya babu na bibi yake ilikuwapo, imetulia kama ilivyotulia miaka yote. Kwenye rafu ya mbele, upande wa kulia, palikuwa na duara safi lisilo na vumbi, basi.

"Mama hayupo," alisema, na sauti ikampanda. "Baba, mama hayupo!"

Baba yake, Mzee Yonaha Zensho, alikuwa amesimama nyuma na kofia yake mkononi, akitazama bahari. Aliyepiga yowe ni Bi. Tomori Setsu, mdogo wa marehemu, na yowe lake lilisikika hadi mashamba ya miwa ya ng'ambo.

Takuma alikuwa amefika Alhamisi mchana kutoka Osaka. Mkobani alikuwa na kibali cha manispaa cha kuihamisha mifupa ya mama yake, Fumi, aende akailaze huko anakoishi yeye. Ndege yake ya kurudi ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Alishaandaa mahali, alishamwambia mkewe na watoto. Sasa alisimama mbele ya kaburi wazi, mikono mitupu, akapiga simu polisi.

Polisi, hapa Tarabari, maana yake ni Sajini Karimata Nobuko. Hatuna mwingine. Kisiwa chetu hakina wezi wa kueleweka. Watu huacha ufunguo garini na mlango wazi, na sajini siku nyingi hushinda akifukuza mbuzi barabarani na kuwabembeleza wazee warudishe leseni za udereva. Alizaliwa hapahapa, ana miaka hamsini na mbili, na hapendi kuharakishwa. Alifika saa nne na robo, akavua kofia, akaliinamia kaburi kwa heshima kabla ya kuuliza lolote.

Kwanza aligusa saruji iliyokuwa imeziba ukingo wa jiwe, vipande vyake vikiwa bado chini. Ilikuwa na rangi ya kijivu mbichi.

"Hii si ya Oktoba," akasema.

"Hata mimi nimeshangaa," fundi akajibu. "Imenyofoka kama keki. Haina hata wiki."

"Bi. Setsu, wewe ulikuja lini hapa mara ya mwisho?"

"Jumanne, hadi jua kuzama. Mwaka mpya wa marehemu ni wiki ijayo, kila ukoo utakuja makaburini, nani mwingine atafagia? Hawa wanaume?" Setsu alijifuta machozi kwa kiganja. "Na saruji ilikuwa ileile ya zamani, imeota ukungu. Niliipangusa kwa mkono wangu huu."

Sajini akachuchumaa. Chini ya dari ya jiwe, mahali mvua haifiki, palikuwa na majivu ya ubani bapa mweusi, ule wa kwetu, na punje za mchele. Aliyefungua kaburi aliwaomba radhi marehemu kwanza. Halafu alimchukua mmoja wao.

"Mzee Yonaha," sajini akasema kwa upole, "nani angemtaka mkeo?"

Mzee akageuza kofia mkononi. "Kila mtu alimpenda Fumi," akasema, na macho yakarudi baharini.

*

Nyumba ya kina Yonaha iko kijiji cha kaskazini. Kaburi liko rasi ya kusini. Kati yao kuna barabara moja tu, nayo huzunguka kisiwa kizima: upande wa mashariki hupita juu ya majabali, na ndio wa karibu, upande wa magharibi hupita mashamba ya miwa na bandarini. Saa tano na nusu sajini alikuwa barazani kwa mzee, akinywa chai na kumega sukari guru. Mzee alikuwa ndani amejilaza, anasema kiuno kinamuuma.

"Umekuja kumchukua mama yako," sajini akamwambia Takuma. "Baba yako alikubali?"

"Hakukataa."

"Hilo sijauliza."

Takuma akacheka bila furaha. Alikuwa na miaka arobaini na tano, na mvi zilishamwanza. "Alisema, 'Wewe ndiye mwana, amua.' Sajini, mimi ni mtoto pekee. Baba akifa nani atafungua lile kaburi? Nani atafagia? Na kuna jambo lingine." Akasukuma kikombe chake kando. "Mama alipokufa kimbunga kilifunga uwanja wa ndege siku tatu. Nilikaa Osaka kwenye benchi la uwanja nikitazama ubao wa ndege. Nilipofika alishachomwa, amebaki mifupa. Simuachi mara ya pili."

Sajini akatazama uani. Gari jeupe dogo la marehemu lilikuwa pale chini ya turubai, kwa sababu tangu alipokufa hakuna aliyeliendesha. Turubai hilo lilikuwa limefungwa kwa kamba nyekundu, fundo jipya kabisa.

"Gari la mama linawaka?"

"Baba kaliwekea betri mpya Jumatatu. Eti nipate gari nikija. Na nilimwambia tangu Januari kwamba nimekodi la uwanja wa ndege, hili hapa nje! Wazee bwana."

Sajini akashuka barazani, akafunua turubai, akafungua mlango. Ufunguo ulikuwa unaning'inia palepale kama kwa kila mtu. Kwenye zulia la dereva kulikuwa na vumbi jeupe la matumbawe, kavu, limechorwa nyayo za viatu. Akalisugua kwa kidole. Alhamisi mvua ilinyesha kuanzia alfajiri hadi usiku, na rasi nzima iligeuka tope. Mtu huyu alikanyaga rasi kabla ya mvua.

Jumatano, basi, maana usiku hakuna anayekwenda makaburini.

Kisha akaona kiti cha abiria. Mkanda wake ulikuwa umefungwa, na kitini hapakuwa na mtu.

"Wewe ulikaa humu?"

"Sijaligusa hilo gari."

Sajini akafikiri. Magari haya hupiga kelele ukiweka kitu kizito kitini bila kufunga mkanda. Mwizi wa kawaida angetupa mtungi kwenye buti akaondoka. Huyu aliuweka mbele, kando yake, akaufunga mkanda.

Akawasha gari. Katikati ya dashibodi kioo kikang'aa, na sauti ya mwanamke mpole ikasema: "Leo ni Ijumaa. Karibu. Endesha kwa usalama."

Takuma akashtuka, akageuza uso. Hicho ndicho kielekezi cha njia kilichomfanya mama yake achekwe kisiwa kizima. Miaka mitatu nyuma Fumi alimtaka muuza magari amtafutie gari lenye kielekezi kilichojengwa humohumo ndani, si cha simu. Tulimcheka hadi tukachoka. Kisiwa chenye barabara moja! Dukani wakamuuliza kama kile kioo kitamwonyesha njia ya kwenda chooni. Fumi alicheka pamoja nasi, akalipa vitu vyake, akaondoka.

Sajini akabonyeza ramani. Kielekezi hicho huacha kidoti kila gari linapopita, vidoti vidogo vya buluu. Vilikuwa vimepangwa juu ya barabara ya mashariki, kutoka nyumbani mpaka rasini. Upande wa magharibi haukuwa na kidoti hata kimoja.

Akampigia simu Ikema wa gereji, nyumba ya tatu kutoka hapo.

"Nilifuta vidoti vyote nilipobadili betri," Ikema akasema. "Ndiyo utaratibu wangu, vikijaa kioo kinakuwa kizito. Jumatatu jioni nikalirudisha gari uani. Kwani vipi?"

"Hamna kitu. Mkeo mzima?"

"Mzima, anagomba."

Sajini akakata simu akabaki ameduwaa. Gari lilikwenda kaburini kwa barabara ya mashariki na likarudi kwa barabara ya mashariki. Kwetu hilo halifanyiki. Anayetoka kaburini hurudi kwa njia nyingine, hata kama ni ndefu, hata kama mvua inanyesha, ili marehemu asimfuate nyuma hadi mlangoni. Tunafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuvuka barabara.

"Mgeni," sajini akajisemea. "Mgeni tu ndiye angefanya hivi."

*

Kisiwani kulikuwa na mgeni mmoja wa kutiliwa shaka, na watu walishaanza kumtaja. Bwana Hirose wa kampuni ya hoteli alikuwa amepanga nyumba karibu na bandari, na kwa mwaka mzima alikuwa akiutaka mteremko wa rasi. Mzee Yonaha alimkatalia mara tatu. Gari lake limeandikwa jina la hoteli ubavuni kwa herufi kubwa; akitaka kwenda mahali bila kuonekana, angehitaji gari la mtu mwingine, na funguo zetu ziko wazi kwa yeyote.

Saa saba mchana sajini alimkuta akila tambi za supu mlangoni pake.

"Najua kilichokuleta," Hirose akasema. "Muuza samaki amenipita asubuhi bila kunisalimu. Hebu nikuulize, sajini. Kijana anahamisha mifupa ya mama yake, kesho keshokutwa atahamisha ya wengine, kaburi libaki tupu, mzee aniuzie. Mimi niibe mtungi ili iweje? Ili shughuli ikwame?"

"Au ili familia iogope mahali pale."

"Sijui kuogofya watu. Hata mbuzi wenu hawaniogopi."

"Jumatano ulikuwa wapi?"

"Ng'ambo. Nilivuka daraja Jumanne usiku kwa ajili ya kikao, na Jumatano alfajiri mkalifunga kwa sababu ya upepo. Wewe mwenyewe ndiye uliyeweka kizuizi! Nililala kwenye nyumba ya wageni mpaka Alhamisi saa sita. Muulize mwenye nyumba, nilimsumbua sana."

Sajini alimuuliza kwa simu. Mwenye nyumba alithibitisha, akaongeza kwamba mgeni huyo anakoroma.

Daraja lilikuwa limefungwa Jumatano nzima. Hirose alikuwa upande wa pili, Takuma alikuwa Osaka. Aliyemchukua Fumi alikuwa mmoja wetu. Na kati yetu mmoja alikuwa amesema wazi, dukani, mbele za watu, kwamba Fumi hatatoka kisiwani.

*

"Na bado nasema," Bi. Setsu akasema saa tisa alasiri, akigeuza maandazi kwenye mafuta. "Ataondoka mimi nikiwa maiti. Alizaliwa hapa, kafia hapa, ana shughuli gani na Osaka? Huko wanawaweka kwenye makabati ya ghorofa, unaingiza kadi ndipo mtu wako aletwe. Mama wa mtu si mkoba!"

"Jumatano ulikuwa wapi, bibi?"

"Hapahapa. Upepo ule, niende wapi? Unanishuku mimi, Nobuko? Mimi niliyekupakata?"

"Namshuku kila mtu. Jumanne ulipotoka kufagia ulirudi njia ipi?"

"Ya magharibi! Nilikwenda kwa mashariki nikarudi kwa magharibi, nikapitia bandarini nikanunua pweza. Maswali gani haya? Mama yako hakukufunza?"

"Aliyemchukua dada yako alirudi njia aliyoendea. Gari limeonyesha."

Setsu akaacha mwiko hewani. Sajini alimtazama uso, akaona hofu ya kweli, si ya kuigiza.

"Kwa gari la Fumi? Na Fumi mwenyewe yumo ndani?" Setsu akashusha sauti. "Huyo hana akili. Ni nani mwenye akili timamu atake marehemu amfuate mpaka nyumbani?"

Sajini Karimata alikuwa ameshika andazi. Akalirudisha sahanini polepole.

"Nini?" Setsu akauliza.

"Hamna. Bibi, swali la mwisho. Kwenye kile kielekezi dada yako aliweka mahali pa kwenda. Kuna 'Nyumbani'. Kuna 'Duka'. Kuna 'Zahanati'. Na kuna 'Setsu'. Kutoka kwake hadi kwako ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja wa redio. Kwa nini aliiweka njia ya kuja kwako?"

Setsu akashusha mwiko. Maandazi yalianza kuungua, naye hakuyatazama.

"Mara moja," akasema baadaye, "nilimwona amesimamisha gari katikati ya miwa. Miwa ilikuwa mirefu. Nikamwambia, 'Dada, umeharibikiwa?' Akasema anasikiliza ndege." Akakaa kwenye kigoda. "Mungu wangu. Nami nilimcheka kama wenzangu."

*

Saa kumi na moja jioni sajini alirudi kwa Mzee Yonaha. Alimkuta ameketi sebuleni na mwanawe, kila mmoja anatazama upande wake. Setsu alikuja nyuma yake bila kuitwa, na sajini hakumzuia.

"Mzee," akaanza, "leseni yako niliipokea mimi mwenyewe, mwaka juzi, ulipogonga ukuta wa shule."

"Ukanipa na taulo la zawadi," mzee akasema.

"Jumatano uliendesha gari bila leseni."

Takuma akainua kichwa. "Sajini, baba hata baiskeli hapandi."

"Nani amekwambia?" mzee akamuuliza sajini.

"Gari lenyewe. Ulilitia betri Jumatatu kwa ajili ya mwanao, na mwanao alishakwambia tangu Januari kwamba ana gari. Jumatano upepo ulifunga daraja, watu wakajifungia ndani, ukajua hutakutana na mtu. Ulichukua mtaimbo, saruji na ubani. Hukumtupa kwenye buti. Ulimweka kando yako ukamfunga mkanda. Nimepoteza mchana mzima nikitafuta mgeni, kwa sababu aliyefanya hivi alirudi kwa barabara ileile, na mtu wa Tarabari harudi kwa barabara ileile. Kosa ni langu. Nilikuwa nafikiria mtu anayewakwepa marehemu."

Mzee aliweka mikono magotini, akajisukuma akasimama. Akaenda kwenye kabati la magodoro, akavuta mlango. Mtungi mweupe ulikuwa katikati ya blanketi mbili, umevishwa aproni ya jikoni yenye maua, ile aliyokuwa akiivaa Fumi miaka yote.

Setsu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Baba!" Takuma alikuwa amesimama. "Umeniacha nipige magoti pale! Umeniacha niite polisi! Umejua asubuhi nzima alipo, ukakaa unatazama bahari!"

"Nilitaka uchoke urudi kwenu."

"Kwa nini hukusema hutaki? Neno moja tu, baba! Hutaki!"

"Kibali kimeandikwa jina lako. Mimi ni mzee wa kiuno kibovu. Nikisema sitaki, mtanibembeleza, mtaniletea daktari, mtasema nimeanza kuchanganyikiwa." Mzee akakaa chini na mtungi mapajani. "Mimi sijachanganyikiwa. Aliyechanganyikiwa ni yeye."

Ndipo akasema. Fumi alianza kupotea miaka mitatu kabla hajafa. Si mjini, wala ng'ambo. Alipotea hapa, kwenye barabara moja inayozunguka, kati ya duka na nyumba yake. Miwa ikishakuwa mirefu, alisema, pande zote zinafanana, na hajui nyumba iko mbele au nyuma. Aliona aibu kuliko alivyoona hofu. Alimwapisha mumewe asimwambie mtu yeyote, hasa Takuma. Simu angeisahau mezani, na mara nyingi aliisahau. Ndiyo maana akataka kielekezi kilichofungwa ndani ya gari lenyewe, kisichoweza kusahaulika popote. Akaingiza nyumbani, duka, zahanati, kwa dada yake. Akibonyeza, yule mwanamke wa ndani humwambia kata kushoto, nyoosha, umefika. Nyinyi mlicheka, akasema. Yeye alifika.

"Jumatano," mzee akasema, "nilimfunga mkanda nikabonyeza 'Nyumbani'. Kile chombo kikachagua njia fupi, ile ya mashariki. Nilijua mila, sajini, usinifunze. Lakini nilifikiri: huyu mtu hajui njia. Nikimzungusha magharibi atapotelea wapi? Nilitaka anifuate. Nilitaka asikie sauti aliyoizoea aje nyumbani. Miezi minne nalala na upande wa godoro uko wazi."

Takuma alikuwa amekaa tena. Hasira ilimtoka ikaacha kitu kibaya zaidi. "Alikuwa akinipigia simu," akasema polepole. "Ananiuliza, 'Umekula?' Namjibu. Dakika mbili baadaye, 'Umekula?' Mara ya tatu namwambia mama, niko kazini, nakata. Nilidhani anazeeka tu. Nilikata, baba. Mara nyingi."

"Hakukumbuka kwamba ulikata."

"Mimi nakumbuka!"

Sajini aliangalia mikono yake. Kwa sheria alikuwa na mambo mawili ya kuandika, na hakutaka kuandika hata moja. "Mzee," akasema, "kesi hii ni ya nyumbani kwenu. Mkubaliane nyinyi. Takuma akiondoa malalamiko, mimi nitaandika kwamba mtungi umeonekana, na kwamba wewe hutashika usukani tena mpaka ufe."

Alidhani yamekwisha. Akachukua kofia yake. Lakini mzee hakumtazama. Alikuwa anamtazama mwanawe.

"Sajini hakufungua ukurasa wa pili," akasema.

"Ukurasa gani?"

"Wa kile chombo. Ana mahali pengine. Pa tano." Akaukumbatia mtungi. "Takuma. Kaandika hivyo tu, jina lako, na anwani yako ya Osaka. Mwaka wa mwisho ndiyo aliyoibonyeza kuliko zote. Kila jioni. Namkuta ameketi garini uani, amefunga mkanda, mkoba mapajani. Ramani ya kile chombo ni ya kabla daraja halijajengwa. Kinamwambia aanze kwa kivuko. Kivuko chenyewe hakipo siku hizi. Kinahesabu bahari, kinahesabu barabara za bara, na yeye anasikiliza mpaka mwisho. Akiniona anasema, 'Zensho, nipeleke kwa mtoto, ananisubiri.' Namwambia kesho. Asubuhi kasahau, jioni yumo tena garini. Namwambia kesho."

"Kwa nini hukumleta?" Takuma akanong'ona.

"Niliogopa akifika kwako hatataka kurudi. Niliogopa kubaki peke yangu. Hivyo tu." Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyafuta. "Sajini anasema niliiba kaburini. Kaburini sikuiba. Yeye alikuwa akija kwako, nami nikamzuia, akiwa hai na akiwa amekufa. Niliiba kwako wewe."

Takuma alitambaa kwa magoti mpaka alipo baba yake. Hakuugusa mtungi. Aliweka paji la uso kwenye bega la mzee, akalia kama alivyotakiwa kulia Oktoba, na Setsu, ambaye kwa kawaida ana neno kwa kila kitu, akatoka nje akaanza kufagia ua usiokuwa na uchafu.

Mzee alimwachia alie. Kisha akafungua utepe wa ile aproni, akaikunja vizuri, akausogeza mtungi kwa mikono miwili mpaka magotini kwa mwanawe.

"Mchukue," akasema.

Ndege ya Jumamosi iliwachukua wote watatu: baba, mwana, na Fumi ndani ya mtungi wake. Takuma alimkatia baba yake tiketi ya kwenda tu, na kisiwa kizima kikasema huyo ndiyo basi, atazeekea Osaka kwa wajukuu, nyumba itaoza, Hirose atapata mteremko wake. Hata sajini aliamini hivyo.

Baada ya wiki mbili alimkuta mzee kituo cha basi upande huu wa daraja, na mkoba mmoja mdogo, anasubiri lifti. Akasimamisha gari la polisi, akafungua mlango. Mzee akaingia, wakapita mashamba, miwa ikiwa imeshakatwa karibu yote.

"Mbona umerudi?" sajini akauliza. "Walikuchoka?"

"Walinililia nibaki. Watoto wananiita babu kwa lafudhi ya huko."

"Sasa?"

Mzee alitazama nje dirishani. Uso wake ulikuwa umekonda, na koti lilimpwaya mabegani.

"Alikuwa na safari," akasema. "Nimemfikisha."